Ufungiaji wa Mafuta ya Kunukia ya Mimea katika Mikrokapsuli kwa Hifadhi ya Maharagwe ya Kaya: Masharti ya Matumizi katika Busasamana, Wilaya ya Rubavu, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza mbinu ya kufungia mafuta ya kunukia ya mimea katika mikrokapsuli na kuchunguza ni wapi mbinu hiyo inaweza kuwafaa wakulima wa nyanda za juu za volkeno. Mfano unaotumika ni sekta ya Busasamana, wilayani Rubavu. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa mafuta haya dhidi ya wadudu wa ghalani umekwisha kuthibitishwa, na kwamba upungufu wake ni muda: mafuta huruka kabla kazi haijaisha. Kwa ukokotoaji mwepesi wa kiasi cha mvuke, inaonyeshwa kwamba mikrokapsuli haina tija katika chumba kinachopitisha hewa, haina ulazima katika mfuko uliofungwa usioguswa kwa miezi, na kwamba nafasi yake halali ni chombo cha nyumbani kinachofunguliwa kila siku. Makala yanapendekeza aina ya jaribio linalopaswa kutangulia uwekezaji na taarifa zinazopaswa kuandikwa katika lebo ya bidhaa.

Maneno makuu: mafuta ya kunukia, mikrokapsuli, fukusi wa maharagwe, hifadhi ya kaya, Busasamana

1. Utangulizi

Busasamana ni mojawapo ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, mpakani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ardhi yake imetokana na volkeno na ina rutuba. Kama ilivyo katika ukanda wote wa chini ya milima ya Virunga, wakulima hutegemea viazi mviringo, maharagwe na mahindi. Maharagwe yanayotambaa kwenye miti, yaliyoenea kaskazini mwa Rwanda tangu miaka ya 1980, yaliongeza mavuno katika mashamba madogo. Hata hivyo, mavuno yaliyoongezeka shambani hayana faida kwa kaya ikiwa yanatobolewa ndani ya nyumba.

Mkulima anayehofia fukusi huuza mara baada ya kuvuna, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, kisha hununua maharagwe ya kula miezi michache baadaye kwa bei ya juu. Kwa hiyo mdudu huyu hula chakula na pia humnyima mkulima uhuru wa kuchagua siku ya kuuza. Anayetaka kusubiri ana njia tatu zinazofahamika: poda za viuadudu vya viwandani, mifuko isiyopitisha hewa, na majani ya mimea yenye harufu kali. Mikrokapsuli yenye mafuta ya mimea inaletwa kama njia ya nne. Swali la mshauri wa sera ni kama njia hiyo inastahili fedha za umma, na kwa matumizi gani hasa.

2. Istilahi na dhana

Katika maandishi mengi ya Kiswahili, mafuta yanayopatikana kwa kukeneka majani, maua au maganda huitwa "mafuta muhimu". Jina hilo hupotosha, kwa kuwa humfanya msomaji afikiri kwamba mwili wa binadamu au mmea unayahitaji kwa lazima. Makala haya yanatumia "mafuta ya kunukia", jina linalotaja sifa yake kuu: ni mchanganyiko wa viambato vyepesi vinavyogeuka mvuke kwa urahisi na kufika puani. Linalooli, iliyomo katika aina nyingi za mrihani, na yujenoli, iliyo kiambato kikuu cha mafuta ya karafuu ya Unguja na Pemba, ni mifano inayofahamika.

Sifa hiyo ndiyo inayompata mdudu, kwa sababu mvuke hupenya kati ya punje hadi mahali ambapo poda haifiki. Sifa hiyohiyo ndiyo kasoro ya mafuta haya. Kinachoruka kwa urahisi huisha kwa urahisi. Zaidi ya hayo, kinapokutana na oksijeni na mwanga hubadilika na kuwa viambato vingine, ambavyo baadhi yake huwasha ngozi.

Mikrokapsuli ni chembe yenye kipenyo cha kati ya mikromita 1 na 1,000 hivi, ambayo ndani yake mafuta yamezungukwa na ukuta au yametawanyika katika kitu kigumu. Ukuta huo una kazi mbili: kuyakinga mafuta dhidi ya hewa na mwanga, na kuyaachilia polepole. Mbinu hii ilipata matumizi makubwa ya kwanza ya kibiashara katika miaka ya 1950 nchini Marekani, pale kampuni ya National Cash Register ilipotumia kapsuli za jelatini na gundi ya mgunga kutengeneza karatasi ya kunakilia isiyohitaji kaboni. Kalamu ilipokandamiza karatasi, kapsuli zilipasuka na wino ukajitokeza. Kwa hifadhi ya nafaka, kinachotakiwa ni kinyume cha hapo: kapsuli isipasuke kwa mara moja, bali ivuje kwa kipimo.

3. Jani kama kapsuli ya asili

Wanyarwanda walikuwa na desturi ya kuchanganya majani makavu ya kivumbasi, aina ya mrihani inayoitwa na wanasayansi Ocimum canum, na chakula kilichohifadhiwa. Mwaka 1991 watafiti wakiongozwa na D. K. Weaver na F. V. Dunkel walichapisha uchunguzi wa mmea huo na kiambato chake kikuu, linalooli, dhidi ya wadudu kadhaa wa ghalani, wakitumia majani yaliyosagwa muda mfupi kabla ya jaribio. Umuravumba, yaani Tetradenia riparia, ni mmea mwingine wa Rwanda uliochunguzwa kwa madhumuni kama hayo. Basi swali la iwapo mimea ya eneo hili ina uwezo dhidi ya fukusi lina jibu la zaidi ya miaka 30.

Jambo la kuzingatiwa ni jinsi jani lenyewe linavyohifadhi mafuta. Katika mimea ya jamii ya mrihani, mafuta hukaa katika tezi ndogo juu ya jani, chini ya utando mwembamba. Upana wa tezi hizo ni makumi ya mikromita, yaani umo ndani ya vipimo vilevile vya mikrokapsuli. Jani zima lililokauka ni mkusanyiko wa maelfu ya kapsuli ambazo hazikutengenezwa kiwandani. Likisagwa, tezi hupasuka na mvuke mwingi hutoka kwa pamoja: nguvu ya siku za mwanzo huwa kubwa, na akiba ya wiki zinazofuata hupungua.

Kutokana na hilo, kigezo cha haki cha kuipima kapsuli ya kiwandani hakiwezi kuwa maharagwe yasiyotiwa kitu chochote peke yake. Inapaswa kushindanishwa na jani kavu, ambalo mkulima hulipata bila kulipa.

4. Namna kapsuli zinavyotengenezwa

Njia iliyoenea zaidi viwandani ni ukaushaji kwa kunyunyiza. Mafuta huchanganywa na maji yenye gundi ya mgunga, maltodekstrini au wanga uliorekebishwa, hadi yawe matone madogo sana yaliyotawanyika. Mchanganyiko huo hunyunyizwa ndani ya mnara wenye hewa ya nyuzi 150 hadi 200 za Selsiasi. Maji hukauka kwa sekunde chache, ganda hujifunga, na poda hukusanywa chini. Ingawa joto la hewa ni kubwa, chembe yenyewe hubaki na joto la chini kwa sababu maji yanayotoka huipoza, na hivyo sehemu kubwa ya mafuta husalia.

Njia ya pili ni kukusanya ganda kutokana na polima mbili zenye chaji zinazovutana, kama jelatini na gundi ya mgunga. Njia ya tatu hutumia betasiklodekstrini, molekuli ya umbo la pete iliyoundwa na glukosi 7, ambayo uwazi wake wa ndani unatosha kukumbatia molekuli moja ya linalooli. Njia ya nne huingiza mafuta katika seli za hamira. Ya tano hutumia vitone vya aljineti vinavyogandishwa kwa kalisi, na haihitaji mnara wala joto kubwa.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa kwa upande wa Rubavu. La kwanza ni kwamba wanga wa kawaida, hata ukitolewa katika viazi vidogo visivyo na soko, haushiki mafuta vizuri hadi urekebishwe kikemia. Ahadi ya kutumia wanga wa kienyeji moja kwa moja isikubaliwe bila ushahidi. La pili ni unyevu. Maganda ya gundi na maltodekstrini hupenda maji. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ganda hulainika na mafuta hutoka haraka kuliko ilivyokusudiwa. Katika eneo lenye mvua na ukungu kama Busasamana, kapsuli iliyofaulu katika maabara kavu inaweza kumaliza akiba yake mapema. Maharagwe yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka sawasawa huzidisha tatizo hilo, kwa kuwa huleta unyevu wake ndani ya chombo.

5. Muda unaohitajika: maisha ya fukusi

Fukusi wawili hushambulia maharagwe katika Afrika Mashariki. Acanthoscelides obtectus hustawi zaidi katika maeneo ya baridi ya nyanda za juu. Zabrotes subfasciatus katika maeneo ya joto. Wa kwanza hutaga mayai yaliyolegea kati ya punje, na anaweza kuanza mashambulizi shambani kwenye maganda yanayokauka. Wa pili hubandika yai juu ya ngozi ya punje.

Katika aina zote mbili, buu hutoboa punje na kukaa ndani hadi awe mdudu kamili. Akiwa ndani, mvuke na poda humfikia kwa shida. Katika joto la karibu nyuzi 30, safari kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua takriban wiki nne. Katika baridi ya nyanda za juu hurefuka sana. Kwa sababu hiyo, maharagwe yanayoonekana salama siku ya kuhifadhiwa yanaweza kuwa na mabuu watakaotoka wiki nyingi baadaye.

Hapa ndipo muda unapokuwa kiini cha suala. Dawa inayotoa nguvu yake yote katika wiki ya kwanza huwaua wadudu kamili waliopo, kisha huwaacha mabuu watoke katika chombo kisicho na kinga. Kinga yenye maana lazima idumu zaidi ya kizazi kimoja kamili cha mdudu katika joto la mahali husika. Kwa Busasamana, jaribio la siku 14 haliwezi kujibu swali lolote la sera. Jaribio la miezi mitatu ndiyo hatua ya chini inayokubalika.

6. Hesabu ya mvuke katika vyombo vitatu

Ukokotoaji ufuatao unatumia linalooli kama mfano. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, kanieneo ya mvuke wake inaruhusu mita moja ya ujazo ya hewa kubeba takriban gramu 1 tu ya mvuke huo kabla hewa haijashiba. Tarakimu zinazotolewa ni makadirio ya kulinganisha, si vipimo vya maabara.

Chombo cha kwanza ni chumba cha mita 10 za ujazo ambacho hewa yake hubadilika mara moja kila saa. Kukifanya kibaki kimeshiba mvuke kungehitaji gramu 240 kwa siku. Lita nzima ya linalooli ingekwisha ndani ya siku nne. Ikiwa kapsuli zitavuja gramu 2 kwa siku ili zidumu, mvuke utakuwa chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kushiba. Uachiliaji wa polepole katika mahali panapopitisha hewa unazalisha harufu, na ni vigumu kuona unavyoweza kuzalisha kinga.

Chombo cha pili ni mfuko wa kilo 50 uliofungwa. Maharagwe ya kiasi hicho huchukua takriban lita 65, na karibu asilimia 40 ya nafasi hiyo ni hewa iliyo kati ya punje, yaani lita 25 hivi. Hewa hiyo hushiba kwa miligramu 25 za linalooli. Kiasi halisi kitakuwa kikubwa zaidi, kwa kuwa punje hunyonya mafuta, lakini tofauti kati yake na chumba ni ya maelfu. Hata hivyo, mfuko ukifungwa hivyo, pumzi ya wadudu wenyewe humaliza oksijeni. Hiyo ndiyo kanuni ya mifuko ya PICS, iliyobuniwa kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue juu ya hifadhi ya kunde nchini Kamerun katika miaka ya 1980. Mfuko huo unatosha bila mafuta, mradi usitobolewe wala kufunguliwa mara kwa mara.

Chombo cha tatu ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, iliyojaa nusu, ambayo mama wa nyumba huifungua kila siku kuteka maharagwe ya kupika. Humo mna lita 10 za hewa juu ya maharagwe na lita 4 kati ya punje. Oksijeni huingia upya kila siku, hivyo kanuni ya PICS haifanyi kazi. Ikiwa hewa yote hupotea kila ndoo inapofunguliwa, miligramu 14 za mvuke huhitaji kurudishwa kila siku. Kwa siku 90 ni gramu 1.3 hivi. Kapsuli iliyochanganywa na maharagwe inaweza kulipa deni hilo dogo kila siku, jambo ambalo mafuta yaliyomwagwa mara moja hayawezi.

Nafasi ya mikrokapsuli ni hapo. Lakini tarakimu hiyo inaleta changamoto nyingine. Majani mabichi ya mimea ya jamii ya mrihani mara nyingi hutoa mafuta yasiyofikia asilimia 1 ya uzito wake. Hata yangetoa asilimia 1 kamili, gramu 1.3 ni mafuta ya gramu 130 za majani, yaani konzi chache. Kapsuli ya kiwandani italipiwa bei yake ikiwa tu itaonyesha kwamba inayaachilia mafuta hayo kwa mpangilio bora na kwa muda mrefu zaidi kuliko konzi hizo za majani makavu.

7. Viazi na pareto: mipaka na mafunzo

Pendekezo la kutumia mafuta yaleyale kwa viazi mviringo linavutia, kwa kuwa viazi ndiyo fahari ya Busasamana. Umoja wa Ulaya ulikataa mwaka 2019 kuongeza muda wa kibali cha kloroprofamu, kizuizi kikuu cha uchipuaji wa viazi, na matumizi yake yakakoma mwaka 2020. Tangu hapo mafuta ya mnanaa na dawa nyingine mbadala zimepata soko kubwa zaidi huko. Lakini huko mafuta hufukizwa katika majengo makubwa yanayoweza kufungwa, na ufukizaji hurudiwa. Viazi hupumua na huhitaji hewa. Ghala dogo la mkulima lenye nafasi za kupitisha hewa ni sawa na chombo cha kwanza katika hesabu iliyotangulia. Mbegu za viazi, kwa upande wake, tayari zina mbinu nafuu ya ghala la mwanga uliotawanyika. Kwa sasa, fedha za mikrokapsuli zisielekezwe kwenye viazi vya kaya.

Pareto hutoa funzo la aina nyingine. Zao hili hulimwa katika wilaya za Musanze, Burera, Nyabihu na Rubavu, na kiwanda cha Horizon Sopyrwa kilichoko Musanze hutoa dondoo yake. Piretrini zilizomo huharibiwa na jua kwa saa chache, nazo pia zimekuwa zikifungiwa katika kapsuli ili zidumu. Eneo hili lina uzoefu wa miongo mingi wa kukusanya maua, kukamua dondoo na kuiuza nje. Thamani kubwa zaidi hupatikana pale dondoo inapogeuzwa kuwa bidhaa inayodumu. Taifa litakalojifunza kutengeneza ganda kwa ajili ya maharagwe litakuwa limejifunza pia jambo linalohitajika kwa pareto.

8. Usalama

Mafuta kuwa ya mimea hakuyafanyi yasiwe na madhara. Linalooli iliyooksidika inajulikana kuwa chanzo cha mzio wa ngozi, na ganda zuri hupunguza hatari hiyo. Maharagwe ni chakula: mabaki, ladha na harufu baada ya kupika lazima vipimwe. Ni mbegu pia, na uotaji wake baada ya miezi ya kukaa na mafuta lazima upimwe. Ganda lenyewe lichaguliwe kwa uangalifu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu chembe ndogo za plastiki inagusa hata kapsuli za manukato zenye polima za kutengenezwa zisizooza. Kwa bidhaa inayochanganywa na chakula, maganda ya gundi, wanga, aljineti au hamira ndiyo yanayofaa kuanza nayo.

9. Mapendekezo

Kwanza, uwekezaji wowote utanguliwe na jaribio lenye makundi manne: maharagwe yasiyotiwa kitu, yenye jani kavu zima, yenye mikrokapsuli, na yaliyo katika mfuko usiopitisha hewa. Vyombo vifunguliwe kila siku, maharagwe yawe na mabuu tangu mwanzo, na muda usipungue miezi mitatu. Jaribio lifanyike Busasamana na pia katika eneo la joto kama Bugarama, wilayani Rusizi, ili fukusi wote wawili wahusishwe. Bodi ya Kilimo na Rasilimali za Wanyama ya Rwanda ina nafasi nzuri ya kuliratibu.

Pili, akiba ya mafuta iliyobaki ndani ya kapsuli ipimwe kila wiki mbili katika unyevu halisi wa nyumba. Bila mkondo huo wa uachiliaji, idadi ya wadudu waliokufa haiwezi kufafanuliwa.

Tatu, gharama ihesabiwe kwa kilo ya maharagwe iliyokingwa kwa mwezi, na ilinganishwe na gharama ya mfuko na ya majani. Bei kwa lita ya mafuta haina maana kwa mkulima.

Nne, sheria ya mwaka 2012 inayosimamia kemikali za kilimo nchini Rwanda itumike pamoja na viwango vinavyodai lebo itaje aina na uzito wa mafuta, ganda lililotumika, muda wa kinga katika joto na unyevu uliotajwa, na aina ya chombo. Kiswahili kiwepo katika lebo hiyo kando ya Kinyarwanda. Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, na maharagwe ya Rubavu hufika Goma, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko.

10. Hitimisho

Mikrokapsuli ni njia ya kununua muda, na muda huo una thamani tofauti katika kila chombo. Katika chumba cha wazi hauwezi kununulika. Katika mfuko uliofungwa vema hauhitajiki. Katika ndoo ya jikoni unaweza kuwa na faida ya kweli, kwa kiasi cha mafuta kinachopimwa kwa gramu. Mshauri wa sera anayeletewa ombi la kiwanda cha mafuta ya kunukia aanze kwa kuuliza ni chombo gani kinachokusudiwa, kinafunguliwa mara ngapi, na kapsuli hiyo imelizidi jani kavu kwa wiki ngapi. Ombi lisilo na majibu hayo matatu lirudishwe maabara kabla halijapelekwa kwa mkulima wa Busasamana.